Herufi, Majedwali ya Misimbo na Tovuti za Awali: Othografia Mbili za Kibelarusi katika Intaneti

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi Kibelarusi kilivyoingia katika intaneti kuanzia miaka ya 1990, wakati lugha hiyo ilipokuwa na othografia mbili zinazoshindana na huku hadhi yake ikishuka ndani ya nchi yake yenyewe. Inafafanua asili ya othografia hizo, vikwazo vya kiufundi vilivyowakabili waandishi wa tovuti za awali, na matukio ya mwaka 2007 ambayo yaliipa kila othografia makao yake mtandaoni. Hoja kuu ni kwamba intaneti haikuuzua mgawanyiko wa Kibelarusi, bali iliupa umbo la kudumu. Ilifanya hivyo kupitia maamuzi madogo ya kiufundi ambayo kwa kawaida hayahesabiwi kuwa sera ya lugha. Makala inamalizia kwa kuonesha yale ambayo wapangaji wa lugha wa Afrika Mashariki wanaweza kujifunza kutokana na historia hiyo.

Istilahi muhimu: othografia, usanifishaji, sera ya lugha, misimbo ya herufi, Kibelarusi

1.0 Utangulizi

Kibelarusi ni lugha ya Kislavoni cha Mashariki, ndugu wa karibu wa Kirusi na Kiukraine. Tarehe 26 Januari 1990, bunge la iliyokuwa Jamhuri ya Kisovieti ya Belarus lilipitisha sheria ya lugha iliyokifanya Kibelarusi kuwa lugha pekee ya taifa. Hali hiyo haikudumu. Katika kura ya maoni ya Mei 1995, mwaka mmoja baada ya Alexander Lukashenko kuchaguliwa kuwa rais, Kirusi kilipewa hadhi sawa na Kibelarusi. Kwa kuwa Kirusi ndicho kilichokuwa kimetawala mijini, maofisini na vyuoni kwa miongo mingi, usawa wa kisheria haukuleta usawa wa matumizi. Sensa ya mwaka 2009 ilionesha kuwa asilimia 53.2 ya wakazi walikitaja Kibelarusi kuwa lugha yao ya mama, ilhali ni asilimia 23.4 tu waliosema kuwa ndicho wanachokizungumza nyumbani.

Pengo hilo kati ya lugha inayopendwa na lugha inayotumika ndilo mazingira ambamo tovuti za kwanza za Kibelarusi zilizaliwa. Kikoa cha kitaifa cha .by kilisajiliwa Mei 1994, yaani mwaka mmoja tu kabla ya kura ya maoni iliyotajwa. Basi lugha ilipokuwa ikipoteza nafasi katika shule na ofisi za serikali, ilikuwa ikifunguliwa uwanja mpya ambao bado haukuwa na mwenyewe. Swali la makala hii ni hili: je, uwanja huo uliisaidia lugha, au ulizidi kuigawa?

Ili kujibu swali hilo, ni muhimu kukumbuka tofauti iliyobainishwa na Heinz Kloss mwaka 1969 kati ya upangaji wa hadhi ya lugha na upangaji wa muundo wake. Wa kwanza huamua lugha itumike wapi, na wa pili huamua iandikwe na kusanifishwa vipi. Katika Kibelarusi mambo haya mawili yamefungamana mno: namna mtu anavyoandika neno moja inaweza kueleza msimamo wake kuhusu hadhi ya lugha nzima.

2.0 Chimbuko la othografia mbili

Historia ya maandishi ya Kibelarusi ni ndefu na yenye hati zaidi ya moja. Mwaka 1517 Francysk Skaryna, mzaliwa wa Polotsk, alichapisha Zaburi mjini Prague kwa alfabeti ya Kikirili, naye huhesabiwa kuwa mwanzilishi wa uchapaji wa Wabelarusi. Jamii ya Watatari Waislamu waliokaa katika Utawala Mkuu wa Lituania waliandika Kibelarusi kwa hati ya Kiarabu katika miswada inayoitwa hadi leo kitab. Jina hilo si geni kwa msomaji wa Kiswahili, na mbinu yao pia si ngeni. Kama waandishi wa pwani ya Afrika Mashariki walivyoongeza nukta ili kupata sauti ambazo Kiarabu hakina, Watatari hao waliongeza nukta tatu chini ya dal na chini ya sad ili kuandika sauti za dz na ts. Alfabeti ya Kilatini nayo ilitumika sana. Gazeti la Nasha Niva, lililoanzishwa Vilnius mwaka 1906, kwa miaka yake ya mwanzo lilichapishwa kwa Kikirili na kwa Kilatini.

Usanifishaji wa kisasa ulianza na Branislaŭ Taraškievič, ambaye mwaka 1918 alichapisha mjini Vilnius kitabu cha sarufi kwa ajili ya shule. Kanuni zake, pamoja na marekebisho yaliyofuata, ndizo zinazoitwa taraškievica, yaani uandishi wa Taraškievič. Mnamo Novemba 1926 mkutano mkubwa wa kitaaluma ulifanyika Minsk kujadili marekebisho ya othografia na alfabeti. Mjadala huo haukukamilika kwa njia ya kitaaluma. Kuanzia mwaka 1930 wasomi wengi wa Kibelarusi walikamatwa, na tarehe 26 Agosti 1933 Baraza la Makomisari wa Umma lilitoa amri ya kubadili na kurahisisha othografia. Kutokana na cheo hicho cha komisari wa umma, wapinzani wa mabadiliko hayo waliyaita narkamaŭka. Taraškievič mwenyewe aliingia Umoja wa Kisovieti mwaka huohuo wa 1933 kwa kubadilishanwa na mfungwa mwingine, akiwa ametoka katika gereza la Poland. Aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1938.

Tofauti za othografia hizi mbili huonekana ndogo kwa mgeni. Taraškievica huonesha kwa herufi ukaakaishaji wa konsonanti unaosababishwa na konsonanti inayofuata. Narkamaŭka huuacha bila kuuandika. Kwa hiyo neno lenye maana ya ‘theluji’ ni сьнег kwa kanuni za kwanza na снег kwa kanuni za pili, ingawa matamshi ni yaleyale. Maneno ya kukopa nayo hutofautiana: ‘mpango’ ni плян au план, na ‘darasa’ ni кляса au клас. Katika mifano yote mitatu, umbo la narkamaŭka liko karibu zaidi na lile la Kirusi. Hapo ndipo mzizi wa ugomvi ulipo. Kwa upande mmoja, amri ya 1933 ilionekana kuwa hatua ya kuimeza lugha. Kwa upande wa pili, vizazi vyote vilivyosoma katika shule za Kisovieti baada ya hapo havikujua othografia nyingine, na fasihi kubwa ya karne ya 20 ilichapishwa kwa othografia hiyo.

Taraškievica haikufa. Iliendelea kutumika katika maeneo ya magharibi yaliyokuwa chini ya Poland hadi mwaka 1939, na baada ya Vita Vikuu vya Pili ilihama na wakimbizi. Taasisi ya Kibelarusi ya Sanaa na Sayansi iliyoanzishwa New York mwaka 1951, idhaa ya Kibelarusi ya Radio Liberty iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1954, na Maktaba ya Skaryna iliyofunguliwa London mwaka 1971 ni miongoni mwa asasi za diaspora zilizoihifadhi. Nasha Niva ilipofufuliwa Vilnius mwaka 1991, ilichagua othografia hiyohiyo.

3.0 Lugha isiyotimia katika majedwali ya misimbo

Kabla ya mwandishi wa tovuti kuchagua othografia, alipaswa kwanza kuhakikisha kuwa herufi zake zipo. Kompyuta haihifadhi herufi bali nambari, na jedwali la misimbo ndilo linaloamua nambari ipi ni herufi ipi. Alfabeti ya Kibelarusi ina herufi 32. Mbili kati yake hazimo katika alfabeti ya kisasa ya Kirusi: і, na ў inayoitwa ‘u fupi’, ambayo hutamkwa karibu na w ya Kiswahili, kama katika воўк, ‘mbwa mwitu’.

Herufi hizo mbili ndizo zilizoleta taabu. Jedwali la KOI8-R, lililotangazwa rasmi mwaka 1993 na kuenea katika barua pepe za nchi zilizotumia Kirusi, halikuwa na і wala ў. Jedwali la 866, lililotumika katika kompyuta za mfumo wa DOS, lilikuwa na ў lakini halikuwa na і. Jedwali la KOI8-U la mwaka 1998 lilitengenezwa kwa ajili ya Kiukraine. Lilileta і kwa sababu Kiukraine kinaihitaji, likaiacha ў kwa sababu Kiukraine hakiihitaji. Ni jedwali la Windows-1251 na lile la ISO 8859-5 yaliyokuwa na herufi zote mbili, na hilo la mwisho halikupata watumiaji wengi.

Njia ya kukwepa tatizo ilikuwa kuazima. Badala ya і ya Kikirili mwandishi aliweza kuweka i ya Kilatini, kwani kwa jicho hazitofautiani. Lakini kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Neno lililoandikwa kwa herufi ya kuazima halipatikani na mtu anayelitafuta kwa herufi halisi, wala halipangwi mahali pake katika orodha ya kialfabeti. Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi tukikumbuka kuwa і peke yake ni neno kamili lenye maana ya ‘na’, na kwamba kivumishi беларускі, ‘-a Kibelarusi’, huishia na herufi hiyohiyo. Kwa ў hapakuwa na pacha wa Kilatini. Aliyekosa herufi hiyo aliweza kuandika u ya kawaida, na maandishi yake yakaanza kufanana na Kirusi kibovu.

Wale waliopendelea alfabeti ya Kilatini hawakusalimika. Jedwali la Ulaya ya Kati, ISO 8859-2, lilikuwa na ć, č, ł, ś, š, ź na ž, yaani karibu kila kitu walichohitaji, isipokuwa ŭ, ambayo ndiyo umbo la Kilatini la ў. Herufi hiyo ilikuwa katika jedwali jingine, ISO 8859-3, kwa sababu ya mahitaji ya Kiesperanto. Kwa hiyo hapakuwa na jedwali moja kati ya hayo mawili ambalo lingetosha kuandika ukurasa mmoja wa Kibelarusi kwa Kilatini.

Suluhisho la kudumu lilitoka kwa Unicode, ambamo herufi zote za Kibelarusi zilikuwamo tangu toleo la kwanza la mwaka 1991. Hata hivyo, kuwamo katika kiwango cha kimataifa si sawa na kuwamo katika kompyuta ya mwalimu wa Polotsk au mwanafunzi wa Minsk. Programu, fonti na kibodi zilichukua miaka mingi kukifikia kiwango hicho. Kwa kadiri hiyo, ў ikawa zaidi ya herufi. Mwaka 2003 mji wa Polotsk uliijengea mnara, na ni nadra kwa herufi moja kupewa heshima hiyo.

4.0 Chaguo la othografia kama tamko

Tatizo la herufi lilipopungua, lile la othografia lilibaki wazi. Katika magazeti ya serikali na vitabu vya shule hapakuwa na hiari: narkamaŭka ndiyo iliyotumika. Mtandaoni hapakuwa na mhariri wa serikali wala kiwanda cha uchapaji. Wanadiaspora walioandika kuhusu historia, muziki na mila za Belarus walikuja na othografia ya asasi zao. Vijana wa mijini walioamua kurudi katika Kibelarusi, wengi wao wakiwa wamelelewa kwa Kirusi, walivutwa na taraškievica kwa sababu ilikuwa mbali zaidi na Kirusi. Matokeo yake ni kwamba othografia iliyokuwa ya wachache katika karatasi ilipata uwiano mkubwa zaidi katika intaneti.

Uhuru huo ulikuwa na gharama yake. Taraškievica ilikuwa imeishi miongo mingi bila mamlaka moja ya kuisimamia, na kila gazeti na kila mhariri alikuwa na kanuni zake ndogondogo. Msomaji wa tovuti tatu aliweza kukutana na maumbo matatu ya neno moja la kukopa. Ili kuondoa hali hiyo, mwaka 2005 Juraś Bušlakoŭ, Vincuk Viačorka, Źmicier Sańko na Źmicier Saŭka walichapisha mkusanyo wa kanuni za ‘othografia ya kiklasiki’ ulioirekebisha taraškievica kwa matumizi ya kisasa. Hapa pana jambo la kuzingatiwa: usanifishaji uliofanywa na wataalamu wanne bila serikali ulipata wafuasi, kwa kuwa tayari palikuwa na jamii ya waandishi walioyahitaji matokeo yake.

5.0 Mwaka 2007: majina mawili, makao mawili

Matukio mawili ya mwaka 2007 yanaonesha jinsi uamuzi wa kiufundi unavyoweza kuwa uamuzi wa lugha.

La kwanza linahusu Wikipedia. Toleo la Kibelarusi lilianzishwa mwaka 2004, na sehemu kubwa ya makala zake ziliandikwa kwa taraškievica. Waliotaka othografia rasmi walianza kujenga toleo lao pembeni. Mnamo Machi 2007 uamuzi ulifanyika: anwani yenye msimbo be, ambao ndio msimbo wa kimataifa wa Kibelarusi, ilipewa toleo la othografia rasmi. Toleo la awali lilihamishiwa anwani yenye jina be-x-old. Waandishi waliokuwa wameijenga ensaiklopidia hiyo kwa karibu miaka mitatu walijikuta wamehamishwa nyumba, tena nyumba yenye kibandiko cha ‘kuukuu’. Kwa upande mwingine, hoja ya wapinzani wao ilikuwa nyepesi kueleweka: mwanafunzi wa Belarus anayefungua ensaiklopidia ya lugha yake anatarajia kukuta uandishi anaofundishwa darasani.

La pili lilitokea Aprili mwaka huohuo, pale asasi ya kimataifa inayosimamia majina na nambari za intaneti ilipoisajili taraškievica kama lahaja ya maandishi yenye msimbo tarask. Kuanzia hapo matini yoyote iliweza kutambulishwa kwa be-tarask, na programu ikajua kuwa hayo si makosa ya tahajia bali ni kanuni nyingine. Mwaka 2015 Wikipedia iliyopewa jina la be-x-old ilibadilishiwa jina ikawa be-tarask, na neno la kubeza likaondoka katika anwani yake.

Wakati hayo yakiendelea, serikali nayo ilichukua hatua. Julai 2008 ilitiwa saini sheria ya kanuni za othografia na alama za uandishi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2010. Sheria hiyo iliifanya othografia inayotokana na mapokeo ya 1933 kuwa kanuni yenye nguvu ya kisheria. Nasha Niva, iliyokuwa imehamia Minsk tangu 1996, iliachana na taraškievica mwishoni mwa 2008. Kwa hiyo mnamo muongo huo, nafasi ya othografia hiyo katika magazeti ya nchini ilizidi kufinyika wakati uleule ilipopata msimbo wake wa kimataifa.

6.0 Faida na hasara

Ni rahisi kusema kwamba lugha iliyozungumzwa nyumbani na chini ya robo ya wananchi mwaka 2009 haina uwezo wa kumudu othografia mbili. Hoja hii ina nguvu. Ensaiklopidia mbili zinahitaji waandishi maradufu, kikagua tahajia kinahitaji kutengenezwa mara mbili, na mwanafunzi anayeanza anaweza kukatishwa tamaa akiona kuwa alichoandika sahihi shuleni kinaitwa kosa mahali pengine.

Hata hivyo, hoja ya pili haipaswi kupuuzwa. Waliojitolea kuandika Kibelarusi mtandaoni bila malipo katika miaka ya mwanzo walifanya hivyo kwa sababu lugha ilikuwa na maana kwao, na kwa wengi wao othografia ilikuwa sehemu ya maana hiyo. Kuwataka waache taraškievica ili lugha iungane kulikuwa sawa na kuwataka waiache sababu iliyowaleta. Aidha, msomaji wa othografia moja huielewa nyingine bila kufundishwa. Kizuizi hakikuwa ufahamu bali uaminifu wa kila upande kwa historia yake.

Kutokana na hali hiyo, ni sahihi zaidi kusema kwamba intaneti iliukuta mgawanyiko na kuuhifadhi. Katika enzi ya karatasi, mwenye kiwanda cha uchapaji angeushinda upande mmoja na kuunyamazisha. Katika enzi ya tovuti, kila upande ulipata mahali pa kuishi, na kwa hiyo hakuna uliolazimika kukubaliana na mwingine.

7.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Kiswahili kilipitia njia tofauti. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia tahajia moja kwa nchi kadhaa. Uamuzi huo ulikuwa wa kikoloni na uliacha malalamiko, hasa miongoni mwa wenye Kimvita na lahaja za kaskazini. Lakini uliacha pia tahajia isiyo na alama juu ya herufi. Intaneti ilipofika, Kiswahili cha herufi za Kilatini kilitosha katika jedwali lolote. Kibelarusi kilikosa bahati hiyo, na bahati hiyo haikutokana na hekima ya mtu yeyote aliyeiona kompyuta.

Si lugha zote za eneo hili zilizopata nafuu hiyo. Gĩkũyũ kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa ĩ na ũ. Jedwali la Ulaya Magharibi, ISO 8859-1, halikuwa na herufi hizo, na kuziandika i na u tu ni kuchanganya irabu zilizo tofauti katika matamshi na maana. Hali hiyo haina tofauti ya msingi na ile ya ў.

Mafunzo ni matatu. Kwanza, msimbo wa herufi na msimbo wa lugha ni sehemu ya upangaji wa lugha, na mabaraza ya lugha yanapaswa kuwa na watu wanaoshiriki vikao vinavyoviamua. Pili, othografia inayobadilishwa kwa amri huendelea kudaiwa na wale ambao hawakushirikishwa, hata baada ya miaka sabini. Tatu, jamii ya waandishi wa kujitolea ni rasilimali, na anayeihamisha bila maridhiano hulipia.

8.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kuwa tovuti za awali za Kibelarusi zilirithi ugomvi wa mwaka 1933, zikaupitisha katika majedwali yasiyokuwa na herufi zake, na hatimaye zikaupatia misimbo miwili. Othografia rasmi imebaki shuleni na katika sheria. Taraškievica imebaki na watu wanaoichagua. Kati ya hizo mbili, kinachoamua uhai wa Kibelarusi si ipi itashinda, bali ni wangapi watakaoendelea kuandika na kuzungumza kwa yoyote kati yake. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu lugha za Afrika Mashariki zenye tahajia zaidi ya moja, hasa zile zinazovuka mipaka ya nchi, kabla maamuzi ya kiufundi hayajafanywa kwa niaba yake na watu wasiozizungumza.